Daraja la mbao linapolia: usikilize nini, utazame wapi

Swali: "Kila siku navuka daraja la zamani la mbao, lile lenye kenchi mbili kubwa pembeni na njia katikati. Halina paa. Wazee wanasema lina zaidi ya miaka mia moja. Gari likiingia, mbao zinagonga kama ngoma na kenchi zinalia, na ukisimama katikati lori dogo likipita unahisi sakafu inashuka na kupanda. Mwenzangu mmoja anasema daraja likianza kulia ndiyo linaaga. Mwingine anasema mbao ya zamani haifi, na kwamba dawa ni kuvuka kwa kasi ili uzito usikae. Siku hizi nawashusha watoto wavuke kwa miguu, mimi napita na gari. Je, daraja hili ni salama? Na mtu asiye fundi atajuaje?"

Jibu: Nianze na watoto, maana naona hapo ndipo moyo wako ulipo. Watoto wawili au watatu hawafiki hata sehemu ya kumi ya uzito wa gari lako, kwa hiyo wakishuka daraja halipati nafuu yoyote. Ila ukiwaacha watembee kwenye sakafu nyembamba huku gari likipita ubavuni mwao, umewatafutia hatari nyingine ambayo haikuwepo. Ukitaka wavuke kwa miguu, wavuke wamalize, wasimame mbali na mdomo wa daraja, ndipo wewe uingie. Na kama moyo unakataa kabisa kuwapitisha, basi hoja si watoto tena. Daraja lisilowafaa wao halikufai na wewe, na linahitaji mkaguzi sasa hivi.

Siwezi kulitolea hukumu daraja ambalo sijaligonga kwa nyundo. Ninachoweza ni kukueleza kila unachokisikia kinatoka wapi na ugonjwa wa kweli hukaa wapi, kwa sababu mara nyingi hivyo viwili havikai mahali pamoja. Wenzako wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Zile ngoma ni mbao za sakafu. Mbao mbichi imejaa maji, na ikikauka inasinyaa. Inasinyaa kwa upana na unene. Kwa urefu ni kidogo mno. Mbao nyingi zikitoka ubichini hadi kukauka kabisa hupungua upana kwa asilimia kadhaa, nyingine hata 8 au 10, ilhali urefu wake haupungui hata asilimia moja. Kwa hiyo msumari uliopigwa mbao ikiwa imejaa maji, utaukuta unacheza tunduni ikishakauka. Mvua inaijaza tena, jua linaikausha tena, na kila mzunguko unauvuta msumari juu kidogo. Gurudumu likikanyaga ncha moja ya ubao, ncha ya pili inanyanyuka, kisha inarudi kupiga mhimili unaokingama chini yake. Hiyo ndiyo ngoma yako. Ni kero, na msumari uliochomoza unaweza kupasua tairi au kumwangusha mwenye baiskeli, lakini haikuelezi lolote kuhusu kenchi zinazolibeba daraja.

Kulia kwa kenchi ni jambo jingine. Kenchi ya daraja ni sawa na ile ya paa, isipokuwa kubwa zaidi: boriti ya juu inabanwa, boriti ya chini inavutwa, na katikati kuna mihimili ya mshazari na ya kusimama inayogawana kazi ya kubanwa na kuvutwa. Mbao hizo hazikuota pamoja. Zimechongwa zikakaliana, na uzito ukipita kila kiungo kinasogea kidogo, mbao inasugua mbao. Mlio unatoka hapo.

Wajenzi wa zamani walilijua hilo vizuri. Mwaka 1840 Mmarekani William Howe alipata hataza ya kenchi ambayo mihimili yake ya mshazari ni ya mbao na inabanwa, na zile za kusimama ni nondo za chuma zinazovutwa. Mwisho wa kila nondo kuna nati. Mbao zikishasinyaa na viungo vikilegea, fundi anapita na spana, anakaza nati moja baada ya nyingine kwa mpangilio, na kenchi inarudi kushikana. Reli nyingi za Marekani zilipita juu ya madaraja ya namna hiyo. Kama daraja lako lina nondo za kusimama zenye nati kubwa juu au chini, basi kulia kwake mara nyingi ni kudai spana. Kama halina, huenda ni la ukoo mwingine. Lile la Ithiel Town la mwaka 1820, kwa mfano, ni wavu wa mbao zilizopishana na kushikwa kwa vigingi vya mti mgumu, na huko hakuna nati ya kukaza.

Nikisimama darajani, nasikiliza mabadiliko kuliko nasikiliza kelele. Wewe unayevuka kila siku una sikio bora kuliko langu kwa daraja hilo, kwa sababu unaijua sauti yake ya kawaida. Mlio uleule wa miaka mitano iliyopita haunitishi. Lakini kishindo kipya, kizito, kinachotoka mahali palepale kila gari linapopita, au mlio mkali kama wa tawi kukatika, au daraja linaloendelea kulia baada ya gari kutoka, hayo ni ya kuripoti siku hiyohiyo.

Sasa huyo anayesema mbao ya zamani haifi. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzuri. Mbao haifi kwa umri, inakufa kwa maji. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu, hewa na joto la kiasi. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 za unyevu hawawezi kukua na kuiozesha. Hata mbao iliyozama kabisa majini inaweza kudumu miaka mingi mno, kwa kuwa huko kuvu hawapati hewa. Daraja la miguu la Kapellbrücke mjini Luzern, Uswisi, lilijengwa katika karne ya 14, lina kenchi za mbao na lina paa. Limetengenezwa mara nyingi, lakini kilichokuja kuteketeza sehemu yake kubwa Agosti 1993 kilikuwa moto, na mwaka uliofuata likafunguliwa tena. Paa lile halikuwekwa kwa ajili ya kuwakinga wapita njia tu. Linakinga kenchi. Daraja lako halina paa, kwa hiyo kila tone linaangukia kwenye mbao zenyewe, na swali linakuwa moja: baada ya kuanguka, tone hilo linakwenda wapi?

Likianguka ubavuni mwa boriti linateleza na kukauka. Likipata kichwa cha mbao, pale nyuzi zilipokatwa, linanyonywa kama kwa mrija. Likipata ufa uliotazama juu, linakaa humo. Likipata mahali mbao mbili zimekumbatiana, jua halifiki na upepo haupiti. Na likipata udongo, ndiyo balaa. Magari yanaingia na tope, tope linapenya kati ya mbao za sakafu, linarundikana juu ya boriti ya chini na hasa kwenye pembe nne, pale kenchi inapokalia ukuta wa ukingo wa mto. Udongo huo haukauki. Boriti inakuwa imefungwa kitambaa kilicholowa mwaka mzima.

Nikupe mfano mmoja nilioushika kwa mikono yangu. Nilikagua daraja lililokuwa limepakwa rangi nyeupe, safi, halilii, halitikisiki, na wenyeji wanalisifu kwa utulivu wake. Kwenye pembe moja kulikuwa na rundo la udongo lililofikia goti, na juu yake majani mabichi yameota. Nikauondoa udongo kwa koleo. Rangi chini yake ilikuwa nzima, imevimba kidogo tu kama ngozi iliyoungua. Nikaanza kugonga boriti kwa nyundo, nikitoka katikati ya daraja kuelekea ukingo. Mwanzoni nyundo iliruka na mlio ulikuwa mkavu, wa juu. Hatua mbili kabla ya ukuta mlio ukashuka, ukawa mzito na mfupi, kama kupiga gunia la nafaka. Nikaweka bisibisi juu ya rangi na kuisukuma kwa kiganja. Iliingia hadi kwenye mpini. Nilipoichomoa ilitoka na unga wa kahawia uliolowa, wenye harufu ya uyoga. Ile boriti ya unene wa kifua cha mtu mzima ilibaki ganda na rangi, na uzito wote wa pembe ile ulikuwa umekalia ganda hilo. Magari yalizuiwa kabla ya jua kuzama.

Daraja lile lilikuwa kimya kwa sababu mbao iliyooza hailii. Inabonyea tu. Ndiyo maana nakuomba usiutegemee ukimya, kama ninavyokuomba usiogope kila mlio.

Kuna jambo jingine kuhusu uozo ambalo watu hawalitarajii. Kuvu wa uozo wa kahawia wanaweza kuiondolea mbao zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kuhimili mshtuko kabla haijapoteza hata sehemu ya kumi ya uzito wake. Kwa jicho inaonekana nzima, pengine imegeuka rangi kidogo. Kwa hiyo mkaguzi mzuri haishii kutazama. Anagonga, anapima unyevu kwa kifaa chenye sindano mbili, na pale anaposhuku anatoboa kwa keekee nyembamba akisikiliza mkono: mbao nzima inakataa na kutoa vinyweleo virefu, mbao mbovu inamruhusu na kutoa unga. Wengine hupitisha wimbi la sauti kutoka upande hadi upande na kupima muda, kwa kuwa katika mbao iliyooza sauti inachelewa. Baada ya hapo kila tundu lazima lizibwe kwa kigingi kilichotiwa dawa. Nasema hivi ili usije ukachukua bisibisi yako ukaanza kuchimba. Tundu lililoachwa wazi ni mlango wa maji.

Umri nao usikutishe wala kukutuliza. Daraja lina miaka mia. Mbao zake huenda hazina. Huko New South Wales, Australia, Percy Allan alibuni kenchi katika miaka ya 1890 ambazo boriti zake ni pacha, ili fundi aweze kutoa moja na kuweka mpya huku daraja likiendelea kubeba. Madaraja ya namna hiyo yaliyobaki yamebadilishwa mbao mara nyingi. Kwa hiyo ukimwuliza mwenye dhamana, usimwulize daraja lilijengwa lini. Mwulize boriti za chini zilibadilishwa lini.

Kuhusu sakafu kushuka na kupanda: kila daraja hushuka likibebeshwa, hata la zege. La mbao hushuka zaidi na unalihisi miguuni. Linaposhuka na kurudi pale lilipokuwa, limefanya kazi yake. La kuogopa ni lile lisilorudi. Kenchi nyingi zilijengwa na mgongo kidogo katikati, zikiinuka. Nenda kwenye mdomo wa daraja, inama, funga jicho moja na utazame kwa urefu wa boriti ya chini au mkono wa daraja. Ukiona imelegea kwa mkunjo laini, kama kamba ya kuanikia nguo, hilo mara nyingi ni la miaka: mbao inayobebeshwa bila kupumzishwa huendelea kupinda na kulegea polepole, mwaka hadi mwaka. Ni la kupimwa na kuandikwa. Lakini ukiona kona, mahali pamoja ambapo mstari unavunjika, kuna kiungo kimeteleza. Boriti ya chini huwa ndefu kuliko mti wowote, kwa hiyo imeungwa, na maungio yake ndiyo sehemu ninayoikagua kwa muda mrefu kuliko zote. Huko mbao inavutwa, na kiungo cha kuvutwa hakina mahali pa kujificha kikichoka.

Kisha tazama boriti ya juu kwa namna hiyohiyo. Hiyo inabanwa, na kitu kirefu kinachobanwa hutafuta kukimbilia kando. Inapaswa kunyooka kama uzi uliovutwa. Kama imepinda kuelekea mtoni au barabarani, au kama mihimili ya nje inayoishikilia isilale imegongwa na gari na kuvunjika, hilo nalihesabu kuwa zito kuliko kelele zote ulizoniandikia.

Nyufa zinawachanganya wengi. Ufa unaokwenda na nyuzi, kwa urefu wa mbao, mara nyingi ni wa kukauka na mbao inaishi nao. Ukianzia kwenye kichwa cha mbao na kupita katikati ya matundu ya boliti, ni wa kufuatiliwa. Ufa unaokata nyuzi, uliokingama mbao, ni mvunjiko. Huo hauna mjadala.

Na ile dawa ya kuvuka kwa kasi? Hapa nakusihi usiifuate. Ukitembea kasi uzito haupungui, unaongezeka. Gurudumu linaloruka kwenye kizingiti cha daraja linatua na nguvu kubwa kuliko uzito wake, kisha gari linadunda, na daraja linadunda nalo. Juu ya mlango wa daraja la Cornish–Windsor, la kenchi za wavu, lililojengwa mwaka 1866 kati ya New Hampshire na Vermont, bado kuna kibao kinachowataka wapitao waongoze farasi kwa mwendo wa kutembea au walipe faini ya dola 2. Farasi akikimbia kwa mdundo mmoja, au kundi la ng'ombe likivuka kwa hatua zinazolingana, kenchi inaanza kucheza na mdundo ule. Sheria ya farasi ndiyo sheria ya gari lako: mwendo wa mtu anayetembea, bila kukanyaga breki ghafla katikati, maana breki inalisukuma daraja zima kwa urefu.

Ingawa nampinga, mwenzako amegusa jambo la kweli bila kulijua. Mbao huhimili mzigo wa muda mfupi vizuri kuliko wa muda mrefu. Mzigo ambao mbao ingeuvumilia kwa dakika chache ni kama mara 1.6 ya ule ingeuvumilia kwa miaka kumi. Lakini hiyo ni tofauti ya dakika na miaka. Kati ya kuvuka kwa sekunde 5 na kuvuka kwa sekunde 20 mbao haioni lolote. Inachokataza ni kuegesha lori la mchanga juu ya daraja usiku kucha.

Kibao cha tani kina maana yake, na madereva wengi wanakisoma vibaya. Isipokuwa kimeandikwa vingine, tani zile ni gari pamoja na mzigo wake, wala si mzigo peke yake. Jua pia kwamba sakafu inahisi gurudumu, na kenchi zinahisi jumla. Lori fupi lenye mzigo mzito nyuma linaweza kuvunja ubao hata kama kenchi zina nguvu za kulibeba mara mbili. Magari mawili mazito yasikutane juu. Ukikuta lori limeingia, subiri litoke.

Kuna kitu kimoja kisichohusu mbao kabisa ambacho lazima nikitaje: mto. Maji ya mafuriko huchimba chini ya kuta za ukingo na nguzo, na hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa za madaraja kuanguka, ya mbao na ya chuma pia. Kenchi nzima juu ya ukuta uliochimbwa haikusaidii. Baada ya maji makubwa, kabla hujavuka mara ya kwanza, tazama kama ukuta umeinama, kama kuna ufa mpya kati ya barabara na daraja, au kama barabara imeshuka pale inapoungana na sakafu.

Ukaguzi wako wewe usiye fundi uwe hivi. Nenda siku mbili baada ya mvua, wakati kila kitu kimekauka. Simama mahali salama ukingoni, usining'inie darajani, na utafute sehemu ambazo bado zimelowa. Hizo ndizo sehemu ambazo siku moja zitaoza, na pengine zimeshaanza. Tafuta majani, kuvu wenye umbo la sahani, njia za udongo za mchwa zinazopanda ukutani kwenda kwenye mbao, na vumbi la unga chini ya mbao iliyobunguliwa. Piga picha ukisimama mahali palepale kila mwezi, asubuhi, mwanga ukiwa uleule. Ukiona ufa unaokutia shaka, piga picha yake ukiwa umeweka rula kando. Picha za miezi sita zina thamani kwa mkaguzi kuliko barua ya kurasa kumi.

Tena kama mwenye dhamana anaruhusu, chukueni fagio na koleo mwondoe udongo kwenye sakafu na kwenye zile pembe nne. Sijaona matengenezo ya bei nafuu yanayorefusha maisha ya daraja la mbao kuliko hayo. Kisha peleka picha kwa mamlaka inayosimamia barabara hiyo na uulize maswali mawili: daraja lilikaguliwa lini mara ya mwisho, na je, boriti zilitobolewa au zilitazamwa tu? Jibu la swali la pili litakueleza mengi.

Wakati unasubiri majibu, endelea kuvuka polepole iwapo mistari ya boriti imenyooka, pembe ni kavu na sauti ni ileile uliyoizoea. Usiingie kabisa ukiona kona mpya kwenye boriti ya chini, boriti ya juu iliyopinda kando, ufa uliokingama mbao, nondo inayoning'inia bila nati, au pengo jipya kwenye mdomo wa daraja. Ukiona mojawapo, simamisha gari kabla ya kizingiti, liweke liwe kizuizi kwa wanaokuja nyuma, mwombe mtu azuie upande wa pili, na upige simu ukiwa hapohapo.